Spidomita Isiyosema Kweli: Namna ya Kuipima na Kuisahihisha

Mtu yeyote aliyepata kusafiri katika nchi ya Wagusii wakati wa masika aijua tabia ya njia zake. Maadamu gari li juu ya lami, toka mji wa Kisii, ambao wenyeji huuita Bosongo, mpaka Keroka, au toka Kisii mpaka Nyamira, safari haina taabu ila ya makona na vilima. Lakini mara utokapo katika lami ili kushuka bondeni kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, au kupanda kwenye shule iliyojengwa mgongoni mwa kilima, wakutana na udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huteleza kama sabuni, na mifereji iliyochimbwa na malori hata tumbo la gari dogo hukaa juu ya tuta na magurudumu yake yakaning'inia. Ndiyo sababu watu wa huko, na idara nyingi za kazi, hupenda magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Na wengi wao hawatosheki na gari jinsi lilivyotoka kiwandani, bali huvua matairi yake na kuvika makubwa zaidi, yenye meno marefu, ili gari liinuke na kuyashika matope vema.

Jambo hili si baya. Lakini aghalabu lina tokeo moja ambalo mwenye gari hakulifikiri, nalo ni kwamba tangu siku hiyo spidomita yake haisemi kweli.

Mwezi mmoja wa mvua mwandishi wa makala haya alipewa nafasi katika gari la namna hiyo, akitoka Kisii kwenda upande wa Nyansiongo. Dereva wake alikuwa mzee mwenye mvi, mpole, naye siku ile alikuwa hana furaha. Nilipomwuliza habari akanijibu, "Mwanangu, huu ni mwaka wa ishirini na sita nashika usukani. Sijauza hata chupa moja ya dizeli. Leo naambiwa nieleze kwa barua lita ishirini zimekwenda wapi."

Nikamwambia, "Pole, Mzee. Lita ishirini za siku ngapi?"

"Za mwezi mmoja. Na mwezi uliotangulia hali kadhalika. Mimi mwenyewe sielewi. Tangu tuvike haya matairi mapya gari hili linakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni."

Tulipofika tulikaa kitako na karatasi na kalamu, na kabla ya chai kumalizika tulikuwa tumeziona lita zote ishirini. Hazikuuzwa wala hazikuvuja. Hazikupata kuwako. Ili msomaji aelewe jinsi ilivyokuwa, yafaa kwanza tueleze spidomita ni chombo gani na hupata wapi habari zake.

Watu wengi hudhani ya kuwa spidomita hupima mwendo wa gari juu ya ardhi. Sivyo. Chombo hiki hakiioni ardhi kabisa. Kinachohesabu ni mizunguko tu, ya chuma fulani kilicho chini ya gari. Katika magari ya zamani, na mengi yangaliko njiani, kuna gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, iliyochomekwa ubavuni mwa giaboksi. Gia hiyo huzungushwa na shafti ile ipelekayo nguvu kwenye magurudumu, nayo huzungusha waya uliosokotwa ulio ndani ya mrija mrefu. Ndiyo kebo ya spidomita. Kebo hupanda mpaka kwenye dashibodi na kuzungusha sumaku ndogo. Sumaku ile imezungukwa na kikombe chepesi cha alumini ambacho hakiigusi. Sumaku izungukapo huzaa nguvu ya umeme ndani ya alumini, na nguvu hiyo hukivuta kikombe kifuate mzunguko. Lakini kikombe kimefungwa kwa springi nyembamba mno, kama ile ya saa ya mkono, isiyokiacha kizunguke kabisa. Basi hujipinda kidogo sumaku ikienda polepole, na zaidi ikienda mbio, na mshale uliopachikwa juu yake husogea pamoja nacho. Aliyepewa hati ya uvumbuzi huu mwaka wa 1902 ni Otto Schulze wa Strasbourg, mji uliokuwa chini ya Ujerumani siku zile, na kwa miaka mingi sana magari ya dunia nzima yaliutumia bila mabadiliko makubwa.

Ndani ya chombo hicho hicho mna kitu cha pili, yaani zile tarakimu zinazohesabu masafa. Hizi hazina habari na sumaku wala springi. Huzungushwa na gia kwa gia, jino kwa jino, na kebo ile ile moja. Tunaomba msomaji aishike tofauti hii, kwa sababu tutairudia: mshale waweza kukosea na tarakimu zikasema kweli, na kinyume chake.

Katika magari mapya kebo imeondoka. Mahali pake pamewekwa sensa ambayo hutoa mpigo wa umeme kila shafti izungukapo kiasi fulani, na kompyuta ya gari huihesabu mipigo hiyo na kuamrisha mshale. Walakini maana ni ile ile, mizunguko huhesabiwa, na ardhi haionekani.

Sasa, mtengenezaji wa gari amejuaje mizunguko mingapi ni kilometa moja? Amelipima tairi alilolivika yeye mwenyewe. Kwa magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi katika Kenya, kawaida ni kwamba kebo izunguke mara 637 katika kila kilometa. Katika spidomita nyingi za Kiingereza za kampuni ya Smiths, zilizowekwa katika Land Rover za zamani, hesabu yao ni ya maili, na idadi ya mizunguko huandikwa kwa tarakimu ndogo usoni pa chombo. Kwa hiyo spidomita ya Land Rover fupi yenye matairi madogo haifai kutiwa katika ile ndefu yenye matairi makubwa, ijapokuwa zinafanana kama mapacha na tundu zake ni moja.

Turudi kwa mzee wetu. Gari lake lilitoka kiwandani na matairi yaliyoandikwa 265/70R16. Maandiko haya si siri. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimeta. Ya pili yasema ya kuwa kimo cha ubavu wake ni asilimia 70 ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 70 ya 265 ni milimeta 185.5. Ubavu uko juu na chini, basi mara mbili ni 371. Rimu ya inchi 16 ni milimeta 406. Jumla tairi zima lina kipenyo cha milimeta 777. Matairi mapya yaliandikwa 285/75R16, na mwenye kufanya hesabu hiyo hiyo atapata milimeta 834. Gawanya hii ya pili kwa ile ya kwanza, wapata 1.07. Maana yake, kila mara gurudumu lizungukapo, gari lasogea mbele zaidi kuliko zamani kwa asilimia 7 hivi, na spidomita haina habari.

Hesabu ya karatasi ni nzuri, lakini tairi lililobeba gari hubonyea kidogo, kwa hiyo kupima ni bora kuliko kukisia. Chora alama kwa chaki ubavuni mwa tairi mahali linapogusa chini, na alama nyingine sakafuni. Sukuma gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, taratibu na kwa mstari ulionyoka, mpaka alama irudi chini mara kumi kamili, kisha pima kwa futi ya kamba. Tulipofanya hivyo kwa tairi jipya tulipata meta 25.4. Kwa gari jingine lenye matairi ya kipimo cha zamani tulipata meta 23.7. Gawanya tena: 1.07. Kwa hiyo gurudumu lililozoea kuzunguka mara 422 katika kilometa moja sasa lazunguka mara 394 tu.

Hapa ndipo zilipokuwa lita ishirini. Katika mwezi mmoja mzee alisafiri kilometa 3,000 za kweli, akipeleka dawa na watu katika zahanati za vilimani. Gari lake hula lita 1 kwa kilometa 10, hivyo alitumia lita 300. Lakini tarakimu za dashibodi, zilizopunjwa na matairi makubwa, zilihesabu kilometa 2,800 tu. Karani aliyekagua kitabu cha safari akagawanya kwa kumi, akapata lita 280, akaona kuna upungufu wa lita ishirini. Karani hakukosa hesabu, na mzee hakukosa uaminifu. Ni dereva wangapi, katika nchi hii na nyinginezo, wameitwa wezi kwa ajili ya jambo hili? Hatuwezi kujua, lakini tungependa kila mwenye kukagua kitabu cha safari aulize kwanza, "Je, gari hili limebadilishwa matairi?"

Fedha siyo hasara peke yake. Gari lenye matairi kama hayo, ikiwa spidomita yake ilikuwa sawasawa hapo kwanza, huonyesha 80 na huku laenda karibu 86. Mtu atasema, kilometa sita ni kitu gani? Lakini nguvu ya gari linalokwenda haiongezeki kwa kadiri ya mwendo, bali kwa kadiri ya mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Asilimia 7 ya mwendo ni asilimia 15 ya nguvu, na breki zahitaji njia ndefu zaidi kwa asilimia 15 ili zilisimamishe. Kwenye mteremko wa nchi kama Kisii, lami ikiwa na maji na akina mama wanatoka sokoni wamejitwika ndizi pembezoni mwa njia, meta chache hizo ni jambo zito.

Tena iko sheria. Katika Kenya mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa ndio uliowekwa mijini na katika vituo vya biashara, na 80 kwa magari ya abiria na ya biashara. Kwa kanuni za makosa madogo ya barabarani zilizotangazwa mwaka wa 2016, aliyepita kiwango kwa kilometa 1 mpaka 5 huonywa tu, bali wa kilometa 6 mpaka 10 hutozwa shilingi 500, na wa 11 mpaka 15 shilingi 3,000. Dereva anayepita katika mji wa Keroka akiona 54 kwenye dashibodi adhani ataonywa. Kumbe mwendo wake ni 58, na chombo cha askari hakijui tairi wala gia. Wenye matatu nao wasijidhani wako salama kwa sababu ya vidhibiti mwendo vilivyolazimishwa kwa kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika mapema mwaka wa 2004. Kidhibiti kinachopata habari zake katika sensa ile ile hudanganywa sawasawa na mshale. Kimefungwa kwenye 80, lakini gari lake hufika 86 bila kuzuiliwa.

Sasa yafaa tueleze namna ya kujua kosa la spidomita kabla ya kugusa chochote, kwa sababu wengi huanza kwa kufungua na kuishia kwa kuharibu. Njia ya zamani ni saa. Tafuta njia iliyonyoka na iliyo tambarare, ambayo kilometa moja yake imepimwa kwa hakika. Dereva ashike mshale mahali pamoja, na mwingine, si dereva, ahesabu sekunde. Kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Sekunde 60 ni kilometa 60 kwa saa, sekunde 45 ni 80, na sekunde 42 ni karibu 86. Fanya hivyo kwenda na kurudi ili kosa la mkono lipungue.

Njia ya siku hizi ni simu. Simu nyingi hupokea habari kutoka setilaiti za Marekani na za nchi nyingine, zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilometa 20,000 hivi. Zamani Wamarekani walizitia ukungu ishara zao makusudi ili raia wasipate usahihi wote, lakini waliuondoa ukungu huo mwezi wa Mei 2000, na tangu hapo mwendo unaoonyeshwa na simu gari likienda sawasawa ni wa kuaminika kuliko spidomita yoyote ya kawaida. Wako wanaosema ya kuwa katika vilima vya Kisii simu hudanganya, kwa kuwa setilaiti hupima kama anavyopima ndege, si kama anavyotambaa mjusi. Neno hili lina kweli kidogo mno. Hata katika mwinuko wa meta 10 kwa kila meta 100 za njia, kosa ni nusu ya asilimia tu. Lililo kubwa zaidi ni kwamba simu huchelewa sekunde moja mbili gari likiongeza au kupunguza mwendo, na katika makona hukata njia ya mkato. Kwa hiyo usipime penye makona. Sisi tulichagua kipande cha lami kilichonyoka upande wa Suneka, asubuhi mapema kabla magari hayajawa mengi.

Tulichokipata huko kilitushangaza. Mshale ulipokuwa kwenye 80, simu ilionyesha 82, si 86. Mzee akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa hesabu yake ni ya bure. Lakini tuliposafiri kilometa 20 za simu, tarakimu za masafa zilihesabu 18.7 tu, na upungufu huu ni ule ule wa asilimia 7. Imekuwaje chombo kimoja kikakosa namna mbili?

Jibu ni kwamba mshale haukutoka kiwandani ukiwa sawasawa. Iko kanuni ya kimataifa, ya 39 katika kanuni za magari za Umoja wa Mataifa, isemayo ya kuwa spidomita isionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya mwendo wa kweli. Kuzidisha kumeruhusiwa, hata asilimia 10 na kilometa 4 juu yake. Gari likienda 80 za kweli, mshale waruhusiwa kuonyesha hata 92. Basi watengenezaji, ili wasije wakavunja kanuni hata tairi likiwa jipya kabisa, huufanya mshale uzidishe kidogo kwa makusudi. Mshale wa mzee ulizidisha karibu asilimia 5 tangu mwanzo. Matairi makubwa yalikula uzidishaji huo wote na kuupita kwa asilimia 2. Tarakimu za masafa hazikuwa na akiba kama hiyo, kwa hiyo zilipata hasara kamili. Ndiyo maana tunasema pima vitu viwili, mshale peke yake na tarakimu peke yake, na kila kimoja ukiandike. Aliyepima mshale tu angelisema gari halina kosa, na mzee angelizidi kuitwa mwizi.

Ukiona vyote viwili vimekosea kwa kadiri moja, au vimepungua pamoja kama hapa, sababu ni matairi, au difu iliyobadilishwa kwa nyingine yenye meno tofauti, au mtu alikwisha kuweka gia isiyo yake. Ukiona tarakimu ni za kweli na mshale peke yake umekosea, sababu iko ndani ya chombo: sumaku imepungua nguvu kwa uzee, au springi imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi wa saa za magari, siyo ya gereji ya kando ya njia. Mshale ukitikisika kama mkono wa mlevi, kebo imekauka au imepindwa ghafula mahali fulani. Itoe, ifute, ipake grisi nyepesi sehemu ya chini tu. Ukiipaka mpaka juu, grisi hupanda yenyewe mpaka kwenye kikombe na kukigandisha.

Dawa ya matairi makubwa ni ile gia ndogo ya plastiki. Gia ile ikiwa na meno machache huzunguka upesi zaidi. Fundi alipoichomoa ya mzee alihesabu meno 15. Tulihitaji kebo izunguke zaidi kwa asilimia 7, na 15 ukiigawanya kwa 14 wapata 1.07. Basi gia ya meno 14. Si kila mara hesabu hukubali vizuri hivi, wala si kila gari lina gia za kuchagua. Panapokosekana, kuna kisanduku kidogo cha gia kinachofungwa katikati ya kebo kurekebisha mizunguko. Wakati wa kuchomoa gia usisahau sili yake ya oili. Sili iliyokatika hupitisha oili ya giaboksi ndani ya mrija wa kebo, ikapanda taratibu hata siku moja dereva akaikuta usoni pa spidomita, nyuma ya kioo. Ni shilingi chache kuinunua mpya.

Katika magari ya sensa hakuna gia ya kubadili. Mengine hukubali kuambiwa kipimo cha tairi jipya kwa mashine ya fundi wa kompyuta. Kwa yasiyokubali, kuna kisanduku cha umeme kinachowekwa baina ya sensa na dashibodi, nacho huzidisha au hupunguza idadi ya mipigo. Mwambie fundi kadiri uliyopima mwenyewe, wala usikubali kadiri aliyoikisia kwa kulitazama tairi.

Liko jambo ambalo mafundi wengine hulifanya, nalo tunalikataza. Huung'oa mshale na kuurudisha ukiwa umesogezwa mbele kidogo. Tuseme gari laenda 80 na mshale waonyesha 75. Fundi ausogeza kwa 5, nawe waenda nyumbani umeridhika. Lakini kosa la tairi ni sehemu ya mwendo, si kiasi kimoja kisichobadilika. Kwenye 40 kosa lilikuwa 2 na nusu tu, sasa mshale wazidisha. Kwenye 110 kosa lilikuwa karibu 7, sasa bado wapunguza. Na gari likisimama, mshale wake wadai kwamba laenda 5. Tarakimu za masafa nazo zimebaki na uongo wao wote.

Mtu atauliza, je, gari la magurudumu manne likitiwa katika gia za chini, zile za kupandia matope, spidomita haikosei? Katika magari mengi ya namna hii haikosei, kwa kuwa gia ya spidomita imewekwa nyuma ya transfa, mahali nguvu inapotokea kwenda kwenye magurudumu. Mwendo ukipunguzwa, yeye naye hupunguziwa. Lakini akikwama, aipuuze spidomita kabisa. Gari limezama hata ekseli kwenye njia ya Nyamache, magurudumu yanazunguka bure na kurusha matope, na mshale waonyesha 40. Si uongo wa chombo, kwani shafti yazunguka kweli, na tulikwisha kusema ya kuwa hakiioni ardhi.

Tuongeze pia ya kuwa matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na uchakavu ulio karibu sawa. Tairi la matope likiisha meno yake hupungua kipenyo, na lenyewe laweza kuirudisha spidomita kwa asilimia 2 au zaidi. Hiyo si hatari. Lakini ukivika mawili makubwa mbele na mawili madogo nyuma, kisha ukaunganisha nguvu ya mbele na ya nyuma juu ya lami kavu, kosa la spidomita ndilo dogo katika yatakayokupata. Vyuma vya transfa vitashindana mpaka kimoja kivunjike.

Na wenye Land Rover za kale ambazo mshale wake wahesabu maili, wasizichanganye. Maili 30 ni kilometa 48, na maili 50 ni kilometa 80. Kipande cha karatasi kilichobandikwa kando ya spidomita kinatosha.

Gia ya mzee iliwekwa katika gereji moja mjini Kisii, kwa kazi ya muda usiozidi saa moja, na tulikwenda tena Suneka kujaribu. Katika kilometa 20 za simu, tarakimu zilihesabu 20. Mshale ukawa waonyesha 80 gari likienda 76 na nusu, kama ulivyotoka kiwandani, nasi tukauacha hivyo. Kilometa zilizopunjwa katika miezi iliyotangulia hazikuongezwa kwenye tarakimu, kwa maana kuzigusa tarakimu zilizokwisha kuhesabiwa, mbele au nyuma, ni kumdanganya atakayelinunua gari baadaye. Badala yake tuliandika katika karatasi tarehe ya kuvika matairi, tarakimu za siku hiyo, tarehe ya kubadili gia, tarakimu za siku hiyo, na kwamba masafa yaliyo baina ya tarehe hizo mbili yazidishwe kwa 1.07. Fundi akatia sahihi, mzee akatia sahihi. Nakala moja ikawekwa pamoja na kitabu cha gari, na ya pili akaipeleka mwenyewe kwa karani, pamoja na jibu la ile barua.